NYUMBA ZA ZEGE NA TETEMEKO LA NCHI
Jinsi fremu ya nguzo na boriti inavyotengenezwa ipate kuokoa watu

Nyumba ndefu za zege zimekuwa jambo la kawaida katika miji ya Afrika ya Mashariki. Mahali palipokuwa na nyumba ya udongo au ya mabati, leo pana jengo la orofa nne, au tano, au zaidi. Watoto husoma, wagonjwa hulala, na wenye maduka hufanya biashara chini ya sakafu nzito ambazo hakuna mtu afikiriye uzito wake madhali nchi imetulia.

Lakini nchi haitulii siku zote. Bonde la Ufa, lipitalo katika Kenya na kuendelea mpaka Tanzania, ni mahali ambapo gamba la dunia lapasuka polepole, na kila kipande chajitenga na mwenziwe. Tarehe 6 Januari, 1928, ardhi ya Subukia, kaskazini ya Nakuru, ilitikiswa na tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6.9, na ufa ukaonekana juu ya ardhi kwa mwendo wa kilometa nyingi. Tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera katika Tanzania. Watu zaidi ya 15 walikufa, maelfu ya nyumba yaliharibika, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, karibu na Bukoba, zilivunjika vibaya hata hazikuweza kutumika. Msomaji akumbuke ya kuwa katika kipimo hicho kila namba moja ikiongezeka, nguvu itokayo ardhini huzidi kama mara 32. Basi tetemeko la Subukia lilitoa nguvu kama mara 32 ya lile la Kagera.

Tetemeko lenyewe ni nadra kuua. Mtu aliyesimama shambani hupepesuka, pengine huanguka, kisha huinuka akajipangusa vumbi. Kiuacho ni kuta na sakafu zinazomwangukia aliye ndani. Kwa hiyo wenye elimu ya ujenzi wamejifunza kwa miaka mingi, na kwa gharama ya roho nyingi, namna ya kuunda fremu ya zege ambayo yaweza kutikiswa, ikapinda, hata ikaharibika, lakini isiwaangukie watu. Somo hili laeleza mambo makuu ya ujuzi huo.

TETEMEKO LAFANYA NINI KWA NYUMBA

Abiria aliyesimama ndani ya basi ajua jambo hili bila kufundishwa. Basi likiondoka kwa ghafula, miguu yake huenda pamoja na basi, bali kiwiliwili chake hubaki nyuma, naye huona kana kwamba amesukumwa. Nyumba nayo ni vivyo hivyo. Ardhi ikisogea upande mmoja, msingi huenda nayo, lakini sakafu za juu, kwa uzito wake, hutaka kubaki pale pale zilipokuwa. Kabla hazijafuata, ardhi imekwisha kugeuka na kurudi upande wa pili. Nguzo, ambazo ndizo ziunganishazo msingi na sakafu, hupindwa huku na huku mara nyingi kwa muda mfupi.

Nguvu hiyo ya kusukuma kwa ubavu yaweza kuhesabiwa. Tuseme sakafu moja ina urefu wa meta 10, upana wa meta 10, na unene wa sentimeta 15. Hiyo ni meta za mraba 100, na zege yake ni meta 15 za ujazo. Meta moja ya ujazo ya zege ina uzito wa tani 2.4 hivi, basi sakafu hiyo moja ina uzito wa tani 36, kabla ya kuhesabu kuta, vyombo na watu. Tetemeko likiwa na nguvu ya kusukuma sakafu hiyo kwa sehemu tatu katika kumi za uzito wake, ni sawasawa na kuifunga kamba na kuivuta kwa ubavu kwa nguvu ya tani 10.8. Nyumba ikiwa na sakafu nne za namna hiyo, nguzo za orofa ya chini hubeba mzigo wa zote nne, yaani tani 43.2, zikisukuma upande huu, kisha upande huu.

Hapa pana mafundisho mawili. Kwanza, uzito ni adui: kila tofali na kila sentimeta ya zege isiyohitajiwa huongeza nguvu ambayo nguzo zitapaswa kuistahimili. Pili, mwenye nyumba aliyepewa kibali cha orofa tatu, naye akaongeza ya nne na ya tano kwa siri, hakuongeza vyumba vya kupangisha tu. Ameongeza mzigo juu ya nguzo ambazo hazikufanywa kwa ajili yake.

NYUMBA NI KAMA BEMBEA

Kila nyumba ina mwendo wake wa kuyumba. Mtoto akaaye katika bembea huenda na kurudi kwa muda ule ule kila mara. Na amsukumaye, akisukuma kwa kufuata muda huo, kwa nguvu ndogo tu aweza kumpeleka juu sana. Akisukuma ovyo, bembea haiendi. Fremu ya zege kwa kadiri huchukua sehemu moja katika kumi ya sekunde kwa kila orofa: nyumba ya orofa tatu huenda na kurudi kwa sehemu tatu katika kumi za sekunde, na ya orofa kumi kwa sekunde moja hivi.

Ardhi nayo ina mwendo wake. Mwamba hutikisika haraka haraka. Udongo laini na mzito huyumba polepole. Jambo hili lilionekana wazi katika mji wa Mexico tarehe 19 Septemba, 1985. Tetemeko lenye ukubwa wa 8.0 lilianza pwani ya bahari ya Pasifiki, mbali na mji huo kwa zaidi ya kilometa 300. Lakini sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya matope ya ziwa la zamani, na matope hayo yaliyumba yakienda na kurudi katika muda wa kama sekunde mbili. Nyumba fupi zilisalimika kwa wingi. Zilizoangamia zaidi ni zile za orofa 6 mpaka 15, kwa sababu zilipoanza kupasuka, mwendo wao ulizidi kuwa wa polepole, hata ukalingana na mwendo wa ardhi, zikawa kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Maelfu ya watu walikufa. Ndiyo maana injinia mwangalifu huuliza habari za udongo kabla hajachora hata nguzo moja.

CHAKI NA WAYA

Msomaji na atwae kipande cha chaki akipinde kwa vidole. Chaki haipindi, hukatika mara moja, bila kutoa onyo. Kisha na atwae kipande cha waya wa kufungia, akipinde, akinyoshe, akipinde tena. Waya hupinda, hukataa kurudi kama ulivyokuwa, lakini haukatiki upesi. Na akiugusa mahali anapoupindapinda atauona umepata moto. Moto huo ni nguvu ya mkono wake iliyomezwa na chuma.

Zege ni ndugu ya chaki. Ikigandamizwa ina nguvu nyingi, lakini ikivutwa, nguvu yake ni kama sehemu moja tu katika kumi ya ile ya kugandamizwa. Nondo ya chuma ni ndugu ya waya: nondo nzuri yaweza kurefuka kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi ya urefu wake kabla haijakatika. Mwaka 1892 Mfaransa François Hennebique alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kuunganisha viwili hivyo katika nguzo na boriti zilizoshikamana kuwa kitu kimoja, na tangu hapo fremu za zege zilienea duniani.

Yawezekana kujenga nyumba yenye nguvu ya kushinda tetemeko kubwa bila kupasuka hata kidogo, lakini gharama yake ni kubwa mno kwa nyumba za kawaida, na tetemeko kama hilo huenda lisitokee katika umri wote wa nyumba hiyo. Kwa hiyo mainjinia walichagua njia nyingine. Katika tetemeko dogo, nyumba isidhurike. Katika tetemeko kubwa, nyumba iruhusiwe kuharibika, ila iharibike kama waya, si kama chaki. Chuma chake kipinde na kumeza nguvu ya tetemeko, na watu watoke wakiwa hai. Nyumba yaweza kubomolewa baadaye, mtu hafufuliwi.

HOSPITALI YA OLIVE VIEW

Kanuni hiyo yaonekana rahisi, lakini dunia iliielewa vema baada ya msiba. Katika jimbo la California, nchi ya Marekani, palijengwa hospitali mpya ya zege iliyoitwa Olive View, karibu na mji wa San Fernando. Ilijengwa kwa kufuata sheria za ujenzi za wakati ule, na nchi ile yajua sana matetemeko. Tarehe 9 Februari, 1971, saa kumi na mbili asubuhi, tetemeko lenye ukubwa wa 6.6 lilipiga. Hospitali ilikuwa bado ni mpya kabisa.

Orofa za juu za jengo kubwa zilikuwa na kuta nene za zege zilizozizuia zisiyumbe. Lakini kuta hizo hazikufika chini. Katika orofa za chini, ambapo wajenzi walitaka nafasi na madirisha, mzigo wote uliachiwa nguzo peke yake. Basi sehemu ya juu ilikaa kama sanduku gumu juu ya miguu minyonge. Tetemeko lilipokwisha, sanduku lile lilikuwa karibu zima, bali miguu yake ilikuwa imepindwa, na jengo lote limehama kwa ubavu kwa zaidi ya inchi 10. Minara mitatu ya ngazi ilikuwa imejitenga na jengo ikaanguka nje. Nyumba nyingine ya orofa mbili katika kiwanja kile kile ilipoteza orofa yake ya chini kabisa. Ile ya juu ilishuka ikakaa chini. Paa la kuegeshea magari ya wagonjwa liliyaangukia magari yenyewe, hata hospitali ikakosa msaada saa ile ile ilipouhitaji.

Walipokuja wachunguzi kutazama nguzo za jengo kubwa, waliona jambo la ajabu. Nguzo zilikuwa za namna mbili. Nyingi zilikuwa zimezungushiwa ndani chuma kilichosokotwa kama kamba, mizunguko yake ikikaribiana sana. Nguzo hizo zilipoteza zege ya nje, zikapinda vibaya, lakini zege ya ndani ilibaki imeshikwa na chuma, nazo ziliendelea kubeba hospitali. Namna ya pili ni nguzo za pembeni, ambazo ringi zake zilikuwa zimeachana mbali mbali. Hizo zilisagika zikawa kokoto, na nondo zake zikachomoza nje. Zege, chuma na siku ya kujaribiwa vilikuwa sawasawa. Tofauti ilikuwa ni ringi. Kama nguzo zote zingalikuwa za namna ya pili, yamkini hospitali nzima ingaliwaangukia wagonjwa waliokuwamo.

KAZI YA RINGI

Ringi ni zile pete za chuma chembamba ambazo fundi huzifunga kuzizunguka nondo za nguzo na boriti. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuzishika nondo zisitawanyike zege inapomwagwa, na ya kwamba ikiisha kukauka hazina maana tena. Kumbe ndizo zenye kazi tatu kubwa: huzuia nguzo isikatwe kwa mshazari kama inavyokatwa ndizi, huzuia nondo zisifyatuke nje zinapogandamizwa, na huikumbatia zege ya ndani isitawanyike.

Kazi hii ya tatu yaeleweka kwa mfano wa mchanga. Mchanga uliomwagwa chini haubebi kitu. Mtu akiukanyaga hutawanyika. Lakini mchanga ule ule ukitiwa ndani ya gunia na kushonwa mdomo, watu waweza kupanga magunia hayo hata yakawa ukuta. Mchanga haukubadilika, umezuiwa usiende pembeni. Zege isiyozungushiwa ringi husagika inapofupika kwa milimeta tatu au nne kwa kila meta. Ile iliyokumbatiwa vema yastahimili mara kadhaa ya kadiri hiyo.

Ili gunia lisifumuke, mambo matatu hutakiwa. La kwanza ni ukaribu. Kwa kawaida ya sheria za Marekani za fremu zinazokabili matetemeko makali, nguzo yenye upana wa sentimeta 40 na nondo za milimeta 16, katika ncha zake za juu na za chini, haitakiwi kuwa na nafasi ya zaidi ya sentimeta 9 na nusu hivi kati ya ringi na ringi. Na ikiwa nguzo hiyo ina urefu wa meta tatu toka sakafu mpaka boriti, ringi hizo za karibu huendelea kwa sentimeta 50 kutoka kila ncha, kwa sababu katika ncha ndipo nguzo hupindwa zaidi. Ringi zilizofungwa kila baada ya sentimeta 25 au 30, kama ionekanavyo mahali pengi, hazikumbatii kitu.

La pili ni mkunjo wa ncha. Ringi ikunjwapo pembe mraba tu, ncha zake hulala chini ya zege nyembamba ya nje. Tetemeko likiisha kuibandua zege hiyo, ringi hufunguka kama mkanda usio na pini. Yatakiwa ncha zikunjwe zaidi, digrii 135, zielekee ndani kabisa katika moyo wa nguzo. Hapo hata zege ya nje ikianguka, ringi haiachi. Mkunjo huo hauongezi gharama isipokuwa chuma cha urefu wa kidole na dakika chache za kazi.

La tatu ni mahali nguzo na boriti zinapokutana. Hapo nondo za pande zote hupishana, na fundi huona taabu kupitisha ringi. Basi mara nyingi huziacha. Lakini fundo hilo ndilo kiungo cha fremu nzima, kama goti lilivyo kwa mguu. Fremu isiyo na ringi katika mafundo yake ni mtu mwenye mifupa migumu na magoti mabovu.

NGUZO IISHINDE BORITI

Ikiwa nyumba itaharibika, injinia ana haki ya kuchagua mahali itakapoharibikia. Elimu hii ilikuzwa sana katika New Zealand, nchi iliyopoteza watu 256 katika tetemeko la Hawke's Bay, tarehe 3 Februari, 1931. Walimu wa Chuo Kikuu cha Canterbury, Robert Park na Thomas Paulay, walivunja nguzo na boriti nyingi za majaribio, wakatoa kitabu mwaka 1975 ambacho mainjinia wa nchi nyingi walikitumia. Paulay alifundisha kwa mfano wa mnyororo. Ukivutwa, mnyororo hukatika kwenye pete iliyo nyonge. Basi mwenye akili huifanya pete moja ya chuma laini kiwezacho kurefuka, na zile nyingine zote huzifanya zenye nguvu kuizidi. Mnyororo ukivutwa kwa nguvu, pete ile laini hurefuka, na zile nyingine ambazo zingalikatika ghafula hazifikiwi na hatari.

Katika fremu, pete laini ni ncha za boriti. Boriti ikipinda kwenye ncha zake, sakafu hushuka kidogo tu, na nyumba husimama. Tena boriti ziko katika kila orofa, hivyo madhara hugawanywa kwa nyumba nzima, kila boriti ikimeza sehemu yake. Lakini nguzo zikishindwa kwanza, hukatika katika orofa moja, juu na chini, na orofa hiyo yote hulala ubavu. Sakafu ya juu hushuka juu ya ile ya chini, na nyingine hufuata, zikapangana kama mikate ya chapati, zisiache hata nafasi ya mtoto kujificha.

Kwa sababu hiyo sheria za Marekani zataka ya kuwa, katika kila fundo, nguvu ya nguzo za juu na chini zikijumlishwa izidi ile ya boriti za pande zote mbili kwa sehemu moja katika tano, kwa uchache. Fundi na mwenye nyumba waweza kuitambua kasoro hata bila hesabu. Wakiona boriti nene na pana juu ya nguzo nyembamba, na waulize. Tena fundi aongezaye nondo katika boriti kuliko ramani inavyosema, akidhani atenda wema, huenda ameigeuza boriti kuwa na nguvu kuliko nguzo, na hivyo ameuhamisha udhaifu kutoka mahali pa salama kuupeleka mahali pa mauti.

OROFA ILIYO WAZI NA NGUZO FUPI

Makosa mawili ya umbo yameua watu wengi. La kwanza ni orofa ya chini iliyoachwa wazi kwa ajili ya maduka au magari, na huku orofa za juu zimejazwa kuta za matofali. Ni kosa lile lile la Olive View. Lilionekana tena tarehe 26 Januari, 2001, katika jimbo la Gujarat, nchi ya India. Tetemeko lilianza karibu na Bhuj, lakini katika mji wa Ahmedabad, ulio mbali kwa zaidi ya kilometa 200, nyumba ndefu zenye nafasi za magari chini yake ziliangukia nguzo zake, na majirani zake wakabaki wamesimama. Dawa yake ni kushusha kuta imara za zege toka juu mpaka msingi, au kuziongezea nguvu nguzo za orofa hiyo kwa hesabu maalumu.

Kosa la pili ni nguzo fupi. Katika shule nyingi, ukuta hujengwa kati ya nguzo mpaka nusu, na juu huachwa dirisha refu. Mjenzi hudhani ameisaidia nguzo. La, ameifupisha: nusu ya chini imeshikwa na ukuta, na nusu ya juu peke yake ndiyo yaweza kupinda. Sasa hesabu yasema ya kwamba nguzo ikifupishwa nusu, ugumu wake huzidi mara 8. Na katika tetemeko, aliye mgumu ndiye apewaye mzigo mkubwa. Nguzo hiyo hubeba sehemu kubwa kupita wenzake, nayo haikufanywa kwa kazi hiyo, basi hukatika kwa mshazari pale pale kwenye dirisha. Dawa yake ni kuacha nafasi ndogo kati ya ukuta na nguzo, kuijaza kwa kitu laini, na kuushika ukuta kwa njia nyingine usianguke.

SHERIA PEKE YAKE HAISIMAMISHI NYUMBA

Japani, baada ya tetemeko la Kanto la tarehe 1 Septemba, 1923, lililoua watu kama 105,000, iliweka mwaka 1924 sheria ya kwamba kila jengo lihesabiwe kustahimili msukumo wa ubavuni wa sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Tangu hapo nchi nyingi ziliandika sheria, na kila msiba ulifundisha sura mpya. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haina nguvu.

Katika mji wa Christchurch, New Zealand, makao ya chuo kile kile cha Park na Paulay, tetemeko la tarehe 22 Februari, 2011, liliua watu 185. Kati yao 115 walikufa katika jengo moja tu, lililokuwa la televisheni ya Canterbury, ambalo lilijengwa katika miaka ya 1980, wakati elimu hii ilikuwa imekwisha kuandikwa. Tume ya Kifalme ilipochunguza iliona kasoro kubwa katika ramani yake, na ya kwamba kibali chake hakikustahili kutolewa. Na nchini Uturuki, tarehe 6 Februari, 2023, matetemeko mawili ya ukubwa wa 7.8 na 7.5 yaliua watu zaidi ya 50,000 katika nchi hiyo. Uturuki ilikuwa na sheria nzuri za ujenzi. Lakini nyumba nyingi zilijengwa kabla yake, nyingine zilijengwa kinyume chake, na serikali ilikuwa imetoa misamaha kwa nyumba zilizojengwa bila kufuata kanuni. Msamaha wa karatasi haukuongeza hata ringi moja katika nguzo.

Kwa hiyo ulinzi wa mwisho uko mikononi mwa watu wa kiwanjani. Ringi zikiisha kufunikwa na zege, hakuna awezaye kuzihesabu kwa macho. Saa ya ukaguzi ni kabla ya kumwaga, kalibu ikiwa bado wazi: ringi zihesabiwe, mikunjo itazamwe, mafundo yaangaliwe. Nondo zisiunganishwe juu tu ya sakafu, kama mafundi wengi wapendavyo kwa wepesi wa kazi, bali katikati ya urefu wa nguzo, mahali isipopindwa sana. Maji ya kuchanganyia yasizidi ili zege iteleze vizuri, kwa maana kila ndoo ya ziada huipunguzia nguvu. Mchanga wa baharini usitumiwe, kwani chumvi hula chuma. Na zege ikiisha kumwagwa inyweshwe maji siku saba kwa uchache.

Hospitali ya Olive View haikutengenezwa. Ilibomolewa, ikajengwa upya pale pale, kwa kuta za zege na mabamba ya chuma kuanzia msingi mpaka juu. Tarehe 17 Januari, 1994, tetemeko la Northridge, lenye ukubwa wa 6.7, liliitikisa kwa nguvu sana. Mabomba ya maji yalipasuka, vyumba vikalowa, na wagonjwa walihamishwa. Lakini nguzo na kuta zake zilisimama, na wagonjwa walitoka kwa milango waliyoingilia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Sakafu ya darasa ina urefu wa meta 12, upana wa meta 8 na unene wa sentimeta 15. Uzito wake ni tani ngapi? Ikisukumwa kwa sehemu mbili katika kumi za uzito huo, nguvu ya ubavuni ni tani ngapi?
2. Kwa nini katika mji wa Mexico nyumba za orofa mbili zilisalimika pale ambapo za orofa kumi zilianguka?
3. Eleza kwa mfano wako mwenyewe kazi ya ringi katika nguzo. Kwa nini ncha zake zikunjwe kuelekea ndani?
4. Fundi ameongeza nondo mbili katika boriti bila kumwuliza injinia. Je, ameiimarisha nyumba au ameihatarisha? Toa sababu.
5. Tembea katika mji wako utazame majengo yanayojengwa. Je, waona orofa ya chini iliyo wazi, au nguzo iliyofupishwa na ukuta wa dirisha? Zungumza na wenzako jinsi kasoro hizo ziwezavyo kuondolewa.